Mjapani na Mswisi Katika Maji ya Luama

Nimefunga meza yangu. Ninyi mliobaki na meza zenu sokoni Kasongo na kule Salamabila mnasema fundi amezeeka, macho yamechoka. Macho yangu bado yanaiona skurubu ya saa ya mwanamke bila kioo cha jicho, mradi jua liwe upande wa kulia. Sikuacha kwa ajili ya macho. Ninaandika haya kwa sababu tangu niache, kila mmoja wenu amenijia na swali lile lile: kati ya saa ya mzamiaji ya Mjapani na ya Mswisi, zile kubwa za wakubwa, ipi inashinda? Nitajibu. Lakini jibu langu linapita kwa mdogo wangu Feruzi, aliyekufa katika mto Luama akiwa amezivaa zote mbili, na sijui njia nyingine ya kulifikia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Sumaili, aliyekuwa na meza sokoni Kasongo, pale baiskeli zinapoegeshwa. Siku ya kwanza alinipa saa ya mezani ya shule moja, ile yenye kengele, akaniambia nifungue mgongo. Hakuniambia nitoe kwanza nguvu ya resori, ule utepe wa chuma uliojikunja ndani. Nilipogeuza skurubu ya mwisho, resori iliruka kama nyoka aliyekanyagwa, ikapita juu ya vichwa vya watu, ikaangukia katika beseni la unga la Mama Mauwa, aliyekuwa akikaanga mikate jirani yetu.

"Sumaili!" Mama Mauwa akapiga kelele. "Mikate yangu haina haja ya chuma!"

"Kaanga tu, mama," Mzee akajibu bila kuinua kichwa. "Mwenye kuikula ataamuka mapema."

Kisha akanigeukia mimi. "Sasa saa imekusalimia. Enda omba resori yako kwa mama, uioshe, tuanze kazi."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuacha ukosee kosa moja kwa ukamilifu ili usilirudie. Alinifundisha kushika pensi, kile kibano kidogo, kama mtu anayeshika mbawa za panzi, bila kumvunja. Alinifundisha kutia mafuta kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko jicho la chungu, kwa sababu mafuta mengi yanavuta vumbi na saa inakufa kwa kushiba. Alinikataza kuipumulia mashine. "Pumzi ya mutu iko na mayi ndani," alisema. "Utaiua kwa mudomo wako huku unaiangalia." Nimewaona baadhi yenu mkipuliza vumbi kwa mdomo. Sitawataja.

Na jambo moja zaidi: Mzee alikataa kabisa kusema saa ipi ni nzuri. Mteja akimwuliza, yeye alimwuliza, "Inafanya kazi ya nani?" Saa ya mwalimu, saa ya muuguzi, saa ya mtu anayelima na kuivaa Jumapili tu, kila moja aliihukumu kwa kazi ya mwenyewe. Wengine walikasirika wakaenda kwa fundi anayesifu. Mzee aliwaacha waende.

Alipofariki, nilifunga meza yake juu ya pikipiki nikaenda Salamabila. Vijana wote walikuwa wanakwenda huko kwa ajili ya dhahabu, na mahali penye vijana wengi wenye fedha ya haraka, saa hazikosi. Salamabila ilinifunza upya. Kasongo adui wa saa ni jasho na wakati. Salamabila ni vumbi jekundu na tope. Nilipokea saa zilizojaa mchanga kama viatu. Mchimbaji mmoja aliniletea saa iliyokwama. Nilipofungua nikaona ndani unang'aa ungaunga. Nikainua mpira wangu wa kupulizia.

"Usipulize!" akanishika mkono. "Wewe fundi, usikohoe hata! Leta sahani."

Tulisafisha saa ile juu ya sahani, akachukua maji yote nyumbani akayachekecha mwenyewe. Saa aliisahau mezani. Alirudi kuichukua baada ya wiki.

Hizo ndizo zilizokuwa kesi zangu ngumu za wakati ule, na nilizipenda. Jioni Feruzi alikuja kuzisikiliza. Feruzi ni mdogo wangu wa tumbo moja, kitinda mimba. Nilijaribu kumfundisha kazi, lakini vidole vyake vilikuwa kama mihogo. Alikuwa akizichukua skurubu na kuzipoteza ndani ya mikunjo ya ngozi yake mwenyewe. Akaenda kwenye maji. Akawa mzamiaji, sisi tunasema plonjeri, juu ya draga ya bosi wao, Patroni Ramazani, katika mto Luama.

Kwa yule asiyejua: draga ni jukwaa la mbao juu ya mapipa, limefungwa kwa kamba katikati ya mto. Juu yake kuna mota kubwa ya kunyonya mchanga na mota ndogo ya kompresa, inayosukuma hewa ndani ya mpira mrefu. Plonjeri anashuka na mpira huo mdomoni na jiwe kiunoni, anaelekeza bomba la kunyonya huko chini. Juu anabaki mshika mpira. Wa Feruzi alikuwa Assani, mtu mwembamba mwenye maneno machache, rafiki yake.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi walivyofanya kazi mwanzoni, maana yote yako hapa. Tangi la mafuta la kompresa ni dogo. Walikuwa wanalijaza, Feruzi anashuka, na Assani anaanza kuangalia saa. Ilikuwa saa ya plastiki, ya bei ya chini kabisa, nilimwekea betri mimi mwenyewe. Haikuvumilia hata mvua, kwa hiyo ilikaa juu siku zote, mkononi mwa Assani. Muda ukifika, tangi bado lina mafuta kidogo, Assani anavuta kamba, Feruzi anapanda, wanajaza tangi, anapumzika, anashuka tena. Mtu wa chini hajui muda. Feruzi aliniambia kwamba huko baridi na kelele vinakula akili. Unafikiri umeshuka sasa hivi na kumbe umekaa sana. Wa juu ndiye anajua kwa niaba ya wote wawili.

Saa ile mbovu ilimrudisha mdogo wangu nyumbani kila siku kwa sababu haikuweza kumfuata majini.

Kisha saa kubwa zikafika. Wanunuzi wa dhahabu walianza kusafiri mbali na kurudi na saa za wazamiaji, za chuma, nzito, zenye pete ya nje inayozunguka. Wawili waliongoza ibada hii. Mmoja ni Patroni Amisi, mnene, mcheshi, mshabiki wa saa ya Mswisi. Wa pili ni Patroni Ramazani, mwenye draga, mrefu na mkavu, mtu wa Mjapani. Walikuwa marafiki tangu utoto huko Kabambare, na walikuwa hawakubaliani hata juu ya chumvi. Meza yangu ikawa baraza lao.

"Angalia pete," Amisi alikuwa akisema, akiizungusha karibu na sikio langu. "Sikia inavyolia. Tiki, tiki, tiki. Hiyo ni benki inafungwa mulango."

"Na yako inakwaruzika ukiipitisha karibu na kucha ya paka," Ramazani alijibu. "Yangu chuma imepikwa ikakomaa. Angalia kingo zake, fundi. Unaweza kunyolea ndevu kwa kujiangalia humo."

"Mjapani anatengeneza radio na pikipiki. Saa alijifunza juzi."

"Na bibi yako je, alijifunza kupika kabla ya kuolewa? Lakini unakula."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nitasema haki yao wote wawili, kwa kuwa ninyi ni mafundi na mnataka kujua. Mswisi yule alikuwa na uzito uliogawanywa vizuri mkononi; hukumsikia baada ya muda. Pete yake ilisimama pale ulipoiweka. Pembeni alikuwa na kitundu chenye kifuniko, cha kutoa hewa, kwa ajili ya wazamiaji wa bahari wanaolala siku nyingi ndani ya chumba cha chuma chini ya maji. Nilipomweleza Amisi, alisema yeye kulala analala nchi kavu na inamtosha, lakini tangu siku ile alimwonyesha kila mtu kitundu. Mjapani alikuwa na mishale mipana, iliyokatwa kwa kingo kali sana hata jua lilivunjika juu yake, na mshale wa sekunde haukuruka, uliteleza kama maji ya mafuta. Gizani aliwaka hadi alfajiri. Zote mbili zilijitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono. Zote mbili ziliandikwa kwamba zinashuka mita mamia. Luama, mahali draga ilipokuwa, mti wa kusukumia mtumbwi unafika chini.

Neno hilo la mita mamia lililevya watu. Waliona saa ikishuka mita mamia, na mtu aliyeivaa atashuka na kupanda salama, kana kwamba saa inapumua kwa niaba yake.

Ramazani alikuwa na Mjapani wa zamani, saa ndogo kuliko yake ya sasa. Siku moja, mbele ya watu, akamfunga Feruzi saa ile mkononi. "Saa ya plonjeri ivaliwe na plonjeri," akasema. Feruzi alilia kwa furaha, nilimwona. Hakuna patroni mwingine aliyewahi kumpa mtu wa maji kitu alichokivaa yeye mwenyewe. Na saa ya plastiki ya Assani? Wenzake walimcheka: draga yenye Mjapani haivai plastiki. Betri ilipokwisha, hakuileta kwangu tena.

Nilimwita Feruzi.

"Huko chini unaona nini?"

"Yaya, huko chini naona giza," akasema; kwetu yaya ni kaka mkubwa.

"Sasa saa unaisoma na nini?"

"Naibandika kwenye kioo cha uso hivi," akainua mkono hadi puani. "Inawaka kama macho ya paka. Naiona kidogo."

"Kidogo. Na mikono yako iko kwenye bomba. Muachie Assani saa."

"Assani iko na mota. Ikitaka kuzimika inakohoa kwanza. Akisikia inakohoa, anajaza."

"Na ile mota kubwa ya kunyonya ikipiga kelele, ataisikia ndogo?"

Alinicheka, akaniwekea ule mkono mzito begani. "Yaya wangu, wewe unaogopa maji hata kwenye kikombe. Patroni amenivalisha mbele ya watu. Nitoe nimupatie mushika mupira? Watasema nini?"

Hapo ndipo tulipofikia. Nilirudia mara nyingine, na nyingine. Mkewe Mwamini, aliyekuwa akiwapikia watu wa draga ukingoni, naye alimwambia. Alitucheka wote wawili. Na siku zilipita akipanda salama, na kila siku aliyopanda salama ilikuwa hoja yake.

Mabishano ya wakubwa yalikomaa yakataka ushahidi. Amisi alisema Mjapani ataingiza maji siku atakapofanya kazi ya kweli. Ramazani akasema Mswisi ni saa ya kushikia glasi. Wakakubaliana: Feruzi atashuka siku nzima na saa zote mbili zao wenyewe, zile kubwa, Mswisi mkono wa kushoto, Mjapani wa kulia. Jioni zitaletwa kwangu nizifungue. Ambaye saa yake itakutwa na unyevu atachinja mbuzi na kusimama sokoni aseme alidanganywa na wauza saa. Mbuzi alinunuliwa mapema, akafungwa nyuma ya nyumba ya Amisi, maana kila mmoja alikuwa na hakika kwamba atamla wa mwenzake.

Asubuhi yake walipita kwangu. Nilizifuta saa zote mbili, nikaangalia vipira vya kuzuia maji, vya mgongo na vya kifunguo, nikavipaka mafuta yake, nikaziweka dakika moja sawasawa. Feruzi alinyoosha mikono yake yote miwili juu ya meza yangu kama mtu anayepimwa nguo.

"Waona, yaya? Watu wawili wakubwa wamenipatia mikono yao."

"Muachie Assani moja," nikasema. Nilisema mbele ya wakubwa wote wawili. "Moja ishuke, moja ibaki juu. Kesho mubadilishane."

"Fundi anataka kuharibu mechi!" Amisi akacheka. Ramazani akasema, kwa upole kabisa, kwamba haitakuwa haki kama saa hazitateswa siku moja kwa maji yale yale. Kwa fundi, hoja ile haina kasoro. Waliondoka wakiimba.

Yaliyotokea mtoni nimeyapata kwa Assani, na kwa Mwamini aliyekuwa ukingoni na masufuria yake, na maneno yao hayapingani. Watu wengi walikuja kutazama. Wakubwa walisimama juu ya draga yenyewe wakibishana, mota kubwa ikinguruma, nao wakipaza sauti kuishinda. Simu zilikuwepo, zilikuwa zikipiga picha. Feruzi alishuka na kupanda, akaonyesha mikono, watu wakashangilia, akashuka tena. Mara ya mwisho kushuka, Assani aliona kama Feruzi amekaa sana. Akamgeukia Ramazani akauliza muda. Ramazani akainua mkono wake wa kushoto, kama alivyozoea, akautazama. Mkono ulikuwa mtupu. Akamgeukia Amisi. Amisi naye akautazama wake. Watu wakacheka sana kwa jambo lile, wakubwa wawili wakitazama ngozi zao. Walikuwa bado wanacheka Mwamini alipoanza kupiga kelele kutoka ukingoni kwamba mpira hautoi mapovu. Mota ndogo ilikuwa imezimika. Tangi lilikuwa kavu. Kama ilikohoa, hakuna aliyeisikia.

Walivuta kamba. Jiwe na bomba vilikuwa vimemshika.

Mimi nilikuwa mezani Salamabila, nasubiri kazi yangu. Jioni Assani akafika kwa pikipiki, tope hadi kifuani. Akaweka juu ya kitambaa changu mfuko wa plastiki wenye saa mbili.

"Wamenituma na saa," akasema.

"Na mwenyewe?"

"Iko nyuma. Kwa pikipiki ingine."

Nikafurahi. Nilifikiri anakuja kusikia hukumu. Nikazitoa saa, nikaanza kuzifuta tope kwa brashi laini. Zote mbili zilikuwa zinatembea. Nikaziweka pamoja nikaona hazijaachana hata dakika. "Zimejitahidi," nikamwambia Assani. Nilipoinua macho niliona analia, mdomo umefungwa, kama mtu anayezuia kikohozi. Ndipo pikipiki ya pili ikafika. Feruzi alikuwa juu yake kweli. Alikuwa amefungwa juu ya ubao, amezungushiwa mkeka wa Mwamini.

Tulimzika kesho yake. Ramazani alinunua sanda, Amisi alibeba jeneza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukubali kupokewa, yule mnene, akitweta. Si watu wabaya. Ningependa wawe wabaya. Ningekuwa na mahali pa kuelekeza macho. Siku ya tatu tulisoma duwa, na kwa kuwa watu walikuwa wengi, yule mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba ya Amisi alichinjwa. Tulimla. Mimi pia nilikula, kwa kuwa ukikataa chakula cha matanga unamtia mwenye kutoa aibu.

Saa zilikaa nyumbani kwangu siku zote hizo juu ya kabati. Mnajua saa ya kujitia ufunguo yenyewe: ukiivua, inaendelea kwa nguvu aliyoipa mkono wa mwisho, kisha inazima. Ilikuwa nguvu ya Feruzi. Nilikaa nazo. Mswisi alizima kwanza, Mjapani akafuata baadaye. Ninyi wapenzi wa saa mnaweza kuliandika hilo katika hoja zenu. Mjapani alipozima nilitaka abaki hivyo, lakini mjomba wetu mmoja aliyekuja kutoa pole alimchukua, akamtikisa mara mbili tatu, akacheka. "Huyu hafi!" akasema. Na saa ikatembea. Hakujua.

Baada ya duwa, wanaume wakiwa bado wameketi, nilisikia minong'ono. Hatimaye Amisi mwenyewe, macho mekundu, akaniinamia.

"Fundi, usinifikirie vibaya. Watu wanasema huenda saa ziliingia mayi, ndiyo marehemu hakuona muda. Wanasema ilikuwa ya Mjapani. Wengine wanasema ilikuwa yangu. Fungua, tujue."

Nikaenda kuleta saa na vyombo. Nilizifungua pale pale uani, juu ya trei ya chai, watu wamesimama kunizunguka. Nilishika turnavisi, ile bisibisi ndogo, kama siku zote. Mkono wa fundi una aibu yake. Nilifungua mgongo wa Mswisi, nikaweka kioo cha jicho. Nikafungua wa Mjapani. Vipira vilikuwa pale nilipoviweka. Chini ya kioo hapakuwa na ukungu.

"Zote mbili kavu," nikasema.

Mtu mmoja nyuma, sikumwona, akavuta pumzi akasema, "Duh! Hawa wazungu na hawa Wajapani, wote ni hatari." Na nikasikia ule ugomvi mtamu ukianza tena kwa sauti ya chini, hapo hapo uani kwa mjane: kwamba wametoka sare, kwamba jaribio lirudiwe.

Mwamini akatoka ndani. Alikuwa amejifunika kitambaa cha eda, na haikuwa desturi atoke. "Shemeji," akaniambia, lakini aliwatazama wale wakubwa, "kama ziko zima zote, mume wangu alikufa na nini?"

Nilijibu mimi. Nilisema alikufa kwa sababu hapakuwa na saa juu. Nikasema sitaki kitu kwa mtu yeyote, ila nataka neno moja: kwenye draga ile, tangu siku hiyo, saa ibaki kwa mshika mpira. Ramazani akasimama. Akaichukua saa yake kubwa kutoka kwenye trei nilipomaliza kuifunga, akamvika Assani. Akasema mbele ya Mungu na watu kwamba haitashuka tena majini. Nilimwamini, na yeye mwenyewe alijiamini.

Kwa muda ilikuwa hivyo. Nilikwenda Luama, nikamwona Assani kwa macho yangu amesimama, jicho moja kwenye mpira, jicho moja kwenye mkono. Kisha plonjeri mpya akapatikana, hodari, mtu wa upande wa Nyangwe aliyekulia majini. Akauliza kwa nini yeye ashuke mkono mtupu na Feruzi alivikwa mbele ya watu. Je, yeye si mtu? Ramazani akaona haya kumdharau. Assani akavua. Nilimpelekea Assani saa nyingine ya plastiki, betri mpya. Nilipokwenda tena, hakuwa nayo. Ilikuwa kwenye mkono wa pili wa plonjeri, imekufa kwa maji.

"Kwa nini mbili?" nikamwuliza plonjeri.

"Fundi, huku Luama plonjeri wa kweli anavaa mbili," akasema kwa heshima nyingi. "Ni kwa kumukumbuka mukubwa Feruzi. Hata kwenye draga zingine wanafanya vile."

Ni kweli. Nimewaona. Wanashuka na saa mbili, Mjapani huku, Mswisi kule, nyingine za kweli, nyingi za bandia, na wakizileta kwangu wananitajia jina la mdogo wangu kama mtu anayetaja chuo alichosomea. Wa mwisho alikuja msimu huu wa mvua. Alitaka nimbadilishie vipira, kwa sababu kesho yake anashuka. Nikamwuliza juu anabaki nani. Akasema, mshika mpira. Ana nini? Akasema, ana macho. Nilimrudishia saa zake bila kuzifungua, nikakusanya pensi na turnavisi, nikakunja kitambaa. Alifikiri namdai heshima. Sikurudi tena mezani.

Mliniuliza ipi inashinda. Mimi nilizifungua zote mbili baada ya kazi ngumu kuliko zote, na kwa ufundi hakuna iliyoshinda: zote ni saa za kweli, hazikuingiza maji, hazikupoteza hata dakika. Mkitaka kubishana juu ya pete na kingo na mwanga, bishaneni, nami nimeona raha yake. Lakini ninyi bado mna meza, na plonjeri bado watakuja. Akija mmoja na saa nzuri, fanya kazi yako yote: vipira, mafuta, majira. Usimpe mkononi. Mwambie arudi na mshika mpira wake, na saa umfunge yule mshika mpira, wewe mwenyewe, ukaze mkanda. Plonjeri atakucheka, atakuita mwoga, ataita wenzake waje wakucheke. Mwache acheke. Anayecheka bado yuko juu ya maji.